Presha ya boila haipandi bila sababu
Ndugu zetu wengi walioko Uingereza wanaishi na boila ya gesi ukutani, na baridi ikianza huanza pia malalamiko: mshale wa geji umepanda, umeshushwa, kesho umepanda tena. Nasema wazi, kufungulia rejeta maji yapungue si matengenezo, na fundi anayeishia hapo kisha akadai malipo amemdhulumu mwenye nyumba. Itazamwe kwanza presha inapanda wakati gani. Mfumo ukiwa baridi, geji husoma bari 1 hadi 1.5. Ikikaribia 3 wakati boila inawaka na kushuka ikipoa, tatizo ni tangi la upanuzi: maji yakipata moto hutanuka, na tangi lililoishiwa hewa, au lililopasuka mpira wa ndani, haliyapi nafasi. Lakini ikipanda hata boila imezimwa, maji yanaingia kutoka bomba la mtaa. Mshukiwa wa kwanza ni koki ya kujazia isiyofunga sawasawa. Paipu yake ifunguliwe kabisa, ncha zizibwe, isubiriwe hadi asubuhi. Presha ikiendelea kupanda, kwenye boila inayochemsha na maji ya kuoga, basi kibadilisha joto kimetoboka ndani na kinahitaji kubadilishwa. Kazi ya kugusa gesi, kwa sheria ya huko, ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe pekee. Akija, aikague na valvu ya usalama, maana ikishamwaga maji mara kadhaa aghalabu haifungi tena vizuri.