Vyama Vingi, Lakini Kipi cha Mfanyakazi?

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kinachoomba kura ni chama. Na kinachomtetea mfanyakazi mbele ya mwajiri wake ni chama vilevile. Tangu Desemba 1991, Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa, vyama vya aina ya kwanza vimeota kama uyoga baada ya mvua. Vya aina ya pili, hasa katika viwanda, mashamba na makampuni ya watu binafsi, vimezidi kudhoofika. Mwananchi aliye huru kumwondoa Mbunge wake kila baada ya miaka 5, lakini asiyethubutu kumuuliza msimamizi wake habari za ujira wake, amepata nusu ya uhuru.

Wako wanaotuambia kwamba huu ndio mwendo wa dunia, na kwamba chama cha wafanyakazi ni chombo kilichopitwa na wakati. Hoja hiyo twaikataa. Mambo haya yalitendwa na watu, na yaliyotendwa na watu yaweza kurekebishwa na watu.

Mkoloni alijua nguvu ya chama hiki. Baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, Chege Kibachia alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet. Makhan Singh, aliyekuwa mbele kudai uhuru wa nchi pamoja na haki za mfanyakazi, alitiwa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961. Serikali haimfungi mtu miaka 11 kwa sababu ya jambo dogo.

Serikali ya baada ya Uhuru ilichagua njia ya upole zaidi. Mwaka 1965 mashirikisho yaliyokuwepo yalivunjwa, COTU ikaundwa, na Rais akapewa uwezo wa kumteua Katibu Mkuu kutoka miongoni mwa majina 3 aliyopelekewa. Kiongozi anayeteuliwa Ikulu humsikiliza nani? Mfanyakazi aliendelea kukatwa ada yake kila mwezi, lakini sauti ya chama chake haikuwa yake tena. Imani ilianza kufa zamani, hata kabla ya hesabu ya wanachama kushuka.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Katika miaka ileile ya 1990 tuliyokuwa tukidai uhuru wa kisiasa, milango ya soko ilifunguliwa bila kinga yoyote kwa mnyonge. Mwaka 1994 sheria ilirekebishwa, mwajiri akaweza kupunguza wafanyakazi bila kwanza kuomba idhini ya Wizara ya Kazi. Mitumba ikafurika; viwanda vya nguo kama KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikafunga milango, ijapokuwa Rivatex ilifufuliwa baadaye. Kiwanda kikifungwa, tawi la chama hufa pamoja nacho.

Leo haki imeandikwa vizuri. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Lakini tazama inavyokwepwa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka chama kiandikishe zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama ndipo mwajiri alazimike kukitambua. Basi mwajiri mjanja huwaita watu wake vibarua, au huwaajiri kupitia wakala na kusema hawamhusu. Kibarua asiyejua kama kesho ataitwa getini hatatia sahihi fomu ya chama. Nusu haifikiwi, chama hakitambuliwi, mkataba wa pamoja haupatikani. Na nje ya geti hilo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira zisizo za kilimo kidogo ziko katika jua kali, ambako ni nadra karani wa chama kufika.

Watumishi wa Serikali wametupa funzo. Chama chao kilifutwa mwaka 1980, kikarudishwa 2001 baada ya miaka mingi ya kudai. Haki iliyopokonywa kwa kalamu yaweza kurudishwa, ikiwa wenyewe hawataichoka njia.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, Serikali itekeleze Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachosema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja si kibarua tena. Na iwape wakaguzi wa kazi uwezo wa kulisimamia hilo. Pili, viongozi wa vyama wafungue vitabu vya hesabu, wakubali uchaguzi wa haki, na waende kumtafuta kibarua na fundi wa jua kali badala ya kungoja ada ofisini. Tatu, kila mgombea anayekuja kwetu na salamu za mageuzi aulizwe hadharani: utamfanyia nini mfanyakazi anayefukuzwa kwa kosa la kujiunga na chama?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Demokrasia inayoishia kwenye geti la kiwanda bado haijafika kwa mwananchi.