Vifaa vya Kipa Vinunuliwe na Timu

Majira ya baridi yakipita, barafu huondolewa kwenye viwanja vingi vya ndani vya Kanada, zege linabaki wazi na msimu wa hoki ya mpira unaanza. Hakuna viatu vya chuma wala kuteleza. Watu wanakimbia na raba zao wakifukuza mpira mdogo wa rangi ya chungwa. Ndiyo maana mchezo huu unawafaa wageni. Aliyekulia Goma, Kigoma au Kisumu hajawahi kusimama juu ya barafu, lakini mbio anazijua. Timu zinajaa washambuliaji upesi. Halafu nahodha anauliza nani atakaa golini, na ghafla kila mtu ana kamba ya kiatu ya kufunga.

Tusiwaite waoga. Kinachowakimbiza ni bei. Mchezaji wa kawaida anahitaji fimbo, glavu, kofia na kinga za ugoko. Kipa anahitaji pedi za miguu, glavu ya kudakia, glavu yenye ubao kwa mkono unaoshika fimbo, kinga ya kifua na mikono, suruali yenye sponji, kinga za magoti, kikombe cha kukinga kinena, kinga ya koo, fimbo pana ya kipa, na kofia yenye wavu wa chuma usoni. Pedi za miguu peke yake, zikiwa mpya na za daraja la juu, hupita dola 2,000 za Kanada. Nani mwenye familia atatoa fedha hizo ili apigwe mipira Ijumaa usiku?

Msimamo wetu ni kwamba vifaa hivi ni mali ya timu, na timu ndiyo ivinunue.

Ligi nyingi za burudani humsamehe kipa ada kwa kuwa makipa ni adimu, na kuna hata huduma za kukodi kipa wa mechi moja. Msamaha huo ni mwema, ila haumvishi mtu. Tupige hesabu. Tuseme seti ya mitumba imegharimu dola 600 na timu ina watu 15. Hizo ni dola 40 kwa kila mmoja, na vifaa vitadumu misimu kadhaa. Timu inayokodi kipa wiki baada ya wiki haibaki na chochote msimu ukiisha.

Tumesema mitumba, na hapo watu wetu hawahitaji mwalimu. Aliyewahi kuchagua koti kwenye soko la Gikomba au la Karume anajua taratibu zote: fika mapema, geuza kitu ndani nje, na usimwonyeshe muuzaji kwamba umependa. Wakati mzuri ni Aprili na Mei. Msimu wa barafu wa watoto umekwisha, mtoto amerefuka, na mzazi anataka gereji yake ipumue. Vifaa vinatangazwa kwenye tovuti ya matangazo iitwayo Kijiji na kwenye soko la Facebook, na maduka ya Play It Again Sports huuza vilivyotumika. Nenda ukaone kwa macho. Picha haionyeshi harufu.

Kinachofanya mitumba ifae ni uzito wa mpira. Kile kisahani cha hoki ya barafu ni mpira mgumu wenye gramu 156 hadi 170. Mpira wetu wa chungwa haufiki hata nusu ya uzito huo. Kwa hiyo pedi ya barafu ya daraja la kati, hata iliyochoka kidogo, inauzuia bila shida. Usihangaike kutafuta pedi za kiwango cha wanaolipwa. Mtu mfupi ajaribu kwanza pedi za vijana, ambazo huwa na bei nafuu. Tena kipa wa hoki ya mpira hana chuma chini ya kiatu cha kumwongezea urefu, hivyo pedi ndefu itamsumbua. Na ukikuta jozi pana ya zamani, uliza kwanza kanuni za ligi yako: hadi mwaka 2005 NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, iliruhusu upana wa inchi 12, kisha ikashusha hadi 11. Ligi nyingine za mtaani hazipimi, nyingine zinapima.

Adui wa pedi hapa ni zege. Pedi za barafu zilitengenezwa kuteleza, na kwenye sakafu kavu hazitelezi, zinasuguliwa. Pa kwanza kuchanika ni upande wa ndani wa goti, pale kipa anapopiga magoti. Angalia hapo kabla ya kitu kingine. Vuta mikanda yote, fungua na kufunga bizimu zake. Kamba ya mbele iliyobuniwa kufungwa kwenye kiatu cha barafu haina pa kushika kwenye raba, kwa hiyo nunua mkanda wa kupitisha chini ya kiatu. Ni kitu cha bei ndogo. Kinga za magoti zinazovaliwa ndani ya pedi zisisahaulike. Zege halisamehi goti la mtu wa miaka 35.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwenye pedi za miguu wamezidisha. Kwenye kofia wana haki kabisa.

Mnamo Novemba mosi 1959, kwenye uwanja wa Madison Square Garden mjini New York, Andy Bathgate wa timu pinzani alipiga shuti lililompasua uso Jacques Plante, kipa wa Montreal Canadiens. Siku hizo timu haikuwa na kipa wa akiba benchi. Kocha Toe Blake hakupenda barakoa, lakini Plante aliposhonwa alikataa kurudi uwanjani bila ile yake ya nyuzi za kioo. Akarudi nayo, na Montreal wakashinda 3–1. Tangu usiku ule barakoa ilianza kuwa jambo la kawaida golini. Atakayekuambia kwamba mpira wa chungwa ni mwepesi na kofia ya plastiki ya kuchezea inatosha, mkumbushe kwamba usoni pa kipa hauji mpira tu. Zinakuja fimbo, viwiko na magoti ya mabeki wake mwenyewe.

Hapa basi toeni fedha. Kofia iwe na alama ya CSA, ambayo ndiyo ya Kanada. Yenye alama ya HECC ya Marekani, soma tarehe: kibali hicho huisha miaka 6 na nusu baada ya kofia kutengenezwa. Kofia yenye ufa, au iliyopakwa rangi upya na mtu asiyejulikana, iacheni hata ikitolewa bure, maana rangi huficha nyufa. Wavu wenye matundu makubwa kama ule wa makipa wa televisheni unapendeza, lakini ncha ya fimbo hupita. Kinga ya koo na kikombe viwe vipya. Kinga ya kifua ya mitumba inakubalika mradi sponji yake ukiibonyeza kwa ngumi inarudi. Ikibaki na shimo, irudishe kwa mwenyewe.

Tunajua watakavyosema wapinzani: begi la pamoja litanuka, na kila kipa ana umbo lake. Ni kweli, na kikombe hakiazimwi, huo ni uungwana. Kila kipa awe na chake. Lakini pedi, glavu, suruali na kinga ya kifua vina mikanda ya kurekebisha, na harufu hutokana na uvivu. Mteueni mmoja wa kuanika vifaa baada ya kila mechi, na mwandike kwenye daftari la timu nani amechukua begi. Anayehama mji aliache.

Kwa watoto kuna njia nyingine. Jumpstart ya Canadian Tire na KidSport husaidia familia zenye kipato kidogo kulipia michezo ya watoto wao. Mzazi asione haya kuomba. Watu wazima hawana mlango huo, na wasingoje miujiza. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwasafirisha hadi Kanada wachezaji wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Nairobi, waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari bila timu nyingine ya kucheza nayo. Wakapewa vifaa kamili, na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia kucheza upande wao. Lilikuwa tangazo zuri. Timu ya mtaani Edmonton haitapigiwa simu na kampuni yoyote.

Kwa hiyo ada ya msimu ikikusanywa, zile dola 40 za golini zikusanywe nayo siku hiyohiyo, kabla ya fedha za jezi. Timu nyingi hufanya kinyume: jezi zenye majina mgongoni zinafika Machi, na kipa anatafutwa kwenye kundi la WhatsApp saa mbili kabla ya mechi ya kwanza.