Hodi kwanza, kisha kikale
Na Projestus Rwegasira

Hapa Buganguzi, wilayani Muleba, njia ya kwenda kuchota maji hupita katikati ya vibanja vya watu. Unapita chini ya migomba, unamkuta mama anapalilia, unamwamkia, anaitika, unaendelea. Haikuandikwa popote, lakini kila mtoto anaijua, na anajua pia asipopaswa kukanyaga, maana wazee wetu wamezikwa humo humo kibanjani.

Naiwaza njia hiyo kila viongozi wanaposema utalii wa utamaduni utaiinua Kagera. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Ila mgeni atapita wapi?

Chukua Katuruka, upande wa Maruku, Bukoba Vijijini. Hapo palikuwa na kikale, yaani makao ya kifalme, cha Rugomora Mahe, mukama (mfalme) wa Kyamutwara katika karne ya 17. Wazee walisimulia kwamba aliagiza mnara wa chuma ujengwe mpaka mbinguni, ukaanguka, na mahali pa uhunzi huo pakaitwa Kaiija, palipokuwa na mti mkubwa. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alichimba pale pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliieleza dunia, katika jarida la Science, jinsi wahunzi wa kwetu walivyoingiza tanurini hewa iliyokwisha kupata moto. Sifa hiyo yote ilianza kwa mzee aliyetangulia njiani na mgeni aliyekubali kumfuata.

Sasa nisikilizwe vizuri. Kikale hakiko porini. Kimezungukwa na vibanja vyenye wenyewe, na ardhi hiyo ina kumbukumbu chungu. Chini ya nyarubanja, mfumo wa mabwana na wapangaji wa ardhi, familia nyingi zililima miaka na miaka zikilipa kodi na kufanya kazi za bwana, na bado zingeweza kuondolewa. Utawala wa machifu ulikoma 1963, na sheria ya 1965 ikaanza kuwapa wapangaji hao haki ya ardhi waliyoilima. Mjukuu wa mpangaji akiamka leo akute kibao cha mshale kimechomekwa kwenye migomba yake bila kuulizwa, atajua kwamba bwana amerudi kwa jina la urithi. Hilo tusilikubali.

Njia ijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na kila kaya ambayo njia inapita kwake ipate sehemu ya kiingilio, ilipwe mkononi, si kuambiwa isubiri maendeleo. Magari yaachwe nje, kwenye rweya, uwanda wa nyasi. Mgeni aongozane na mtu wa kijiji na asitoke njiani, kwa sababu yale majani makavu anayoyaona yametandazwa shambani yalibebwa kichwani kutoka rweya, mzigo kwa mzigo. Asikate hata jani la mgomba. Mnyauko wa migomba ulioingia mkoani kwetu mwaka 2006 husafiri na kisu, na Muleba tunajua ulichotufanyia.

Na mgeni apige hodi. Kwetu anayepiga hodi hupewa buni za kahawa za kutafuna kabla hajaulizwa shida yake. Kumpitisha mtu nyuma ya nyumba kama mwizi, kisha kumwuzia tiketi, ni kumnyima kitu bora tulicho nacho.

Haraka ninayoiona mimi ni ya umri. Ukimwi, uliotambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, ulizika watu wengi waliokuwa wanarithi masimulizi hayo, na wazee waliobaki ni wachache. Wazee wa Katuruka walijipanga wenyewe kuufufua urithi wao. Halmashauri iwape kijana mmoja mwenye simu ya kupima njia, atembee nao taratibu, wakionyesha palipokuwa lango, palipokuwa uhunzi, na pale ambapo mgeni hapiti kabisa. Msimu huu wa kiangazi unatosha.