Msimbebeshe Mchapaji Mzigo wa Mwandishi

Mjumbe hauawi. Wazee wetu walisema hivyo kabla ya katiba yoyote kuandikwa, na bado watawala wanalikanyaga neno hilo kila wanapoogopa karatasi.

Ingia Birere, mtaa wa Goma, kutokea kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, saa ambazo jenereta zimeshika kasi, utawakuta kwenye vibanda vyao vya mbao: vijana wa kompyuta na fotokopi, na pembeni yao wauza vitabu waliopanga Biblia, Kurani na madaftari ya shule kwenye meza moja. Mteja anatoa fleshi, kijana anafungua faili, anauliza nakala ngapi, nyeusi au za rangi. Asubuhi ni tangazo la msiba, mchana ni kadi za harusi, jioni ni trakti ya mchungaji anayemkemea mchungaji mwenzake, au barua ya wazi kwa meya. Sasa hapo kwenye barua ndipo mkono unaposita. Kijana anasoma mistari miwili, anatazama mlangoni, anachomoa fleshi na kuirudisha: «Hii siwezi, papa.»

Msimwite mwoga. Mashini ile ndiyo shamba lake, ndiyo ada ya watoto na kodi ya nyumba. Anajua kwamba mambo yakiharibika, mwandishi atazima simu na kuhama mtaa, ilhali kibanda chake hakihamishiki. Hofu hiyo ndiyo udhibiti mkubwa kuliko wote mjini: hauna amri iliyosainiwa, hauna kashe, na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko.

Ugonjwa huu wa kumbebesha mchapaji mzigo ni wa kale. London, Oktoba 1663, saa kumi alfajiri, Roger L'Estrange, mkaguzi wa uchapaji wa mfalme Charles II, alivamia nyumba ya mchapaji John Twyn huko Cloth Fair. Yeye na wenzake wakabisha hodi karibu nusu saa, huku wakisikia ndani herufi za risasi zikivurugwa haraka haraka. Walipoingia, karatasi zilikuwa bado mbichi. Kitabu kilisema kwamba mfalme naye huwajibika mbele ya watu wake, na kwamba wanaweza kumwondoa. Twyn hakukiandika, alikichapa kwa ujira. Alijitetea kwamba ni maskini mwenye watoto watatu wadogo. Alipomsihi Jaji Hyde amwombee huruma kwa mfalme, jaji alijibu kwamba kwa kosa kama hilo asingemwombea hata baba yake mzazi. Gerezani akabanwa amtaje mwandishi; akasema kumsaliti si tabia yake. Februari 1664 akanyongwa, mwili wake ukakatwa vipande.

Je, kiti cha mfalme kilipata utulivu kwa damu ile? Mwaka 1688 James II, mdogo wake Charles aliyemrithi, aliikimbia nchi. Mwaka 1695 bunge likaiacha sheria ya leseni za uchapaji ife. Walimuua aliyepanga herufi, na hoja ikabaki hai.

Wabelgiji, wakoloni wetu, walilielewa somo hilo vizuri sana, kwao. Katiba yao ya 1831 inasema wazi: mwandishi akijulikana na akiwa anaishi Ubelgiji, mchapaji na msambazaji hawashitakiwi. Sheria safi, lakini waliiacha Brussels. Huku Kongo, mwaka 1922, mwaka mmoja tu baada ya kumtia mhubiri Simon Kimbangu gerezani, waliamua kwamba gazeti halitoki bila ruhusa ya utawala. Na wafuasi wa Kitawala, imani iliyochipuka kutokana na mafundisho na vitabu vya Watch Tower vilivyovuka mipaka, walipoinuka Lubutu na Masisi mwaka 1944 chini ya kiongozi wao Bushiri, wakubwa waliyalaumu mahubiri. Hawakuilaumu kazi ya lazima, wala migodi, wala mpira uliochumwa kwa viboko kwa ajili ya vita vya Wazungu. Ni rahisi kuchoma kijitabu kuliko kuondoa dhuluma iliyomfanya mtu akisome kwa hamu.

Mkoloni aliondoka, tabia ikabaki. Alfajiri ya tarehe 16 Februari 2016, hapa hapa Goma, polisi waliwakamata vijana sita wa vuguvugu la LUCHA wakiandaa mabango ya siku ya kuufunga mji. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na maneno yaliyotaka nchi iliyotoka kushinda kombe la soka la CHAN ishinde pia kidemokrasia. Mahakama iliwapa miaka miwili, rufaa ikaipunguza hadi miezi sita. Mchapaji gani wa Birere hakuisikia hukumu ile?

Januari 2025, waziri wa sheria Constant Mutamba alitishia adhabu ya kifo kwa waandishi watakaoeneza habari za jeshi la Rwanda na waasi wa M23. Mwezi huo haujaisha, M23 wakaingia Goma, na waandishi wengi wakakimbia mji. Pande mbili zinazopigana kwa mizinga zimekubaliana jambo moja: raia asiandike asichoamriwa.

Najua jibu litakalokuja: maneno huua, tuliyaona. Ndiyo, tuliyaona, tena kutoka Gisenyi, Rwanda, hatua chache kutoka hapa. Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura alipanda sumu tangu 1990, na mavuno yake yalikuwa maiti. Lakini tazameni mahakama ya Arusha, iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilimshika nani. Desemba 2003 ilimhukumu Ngeze mwenyewe, mhariri, pamoja na Nahimana na Barayagwiza, wakubwa wa redio RTLM. Iliwataka wenye maneno, waliojua wanachokisema na kwa nini wanakisema. Kijana aliyeendesha mtambo hakugeuzwa kafara. Basi msiutumie msiba wa jirani kufunga vibanda vya fotokopi.

Ninachodai hakihitaji mkutano wa kimataifa. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 23 na ya 24, imetoa uhuru wa maoni na wa habari. Bunge la Kinshasa liongeze kifungu kilekile Wabelgiji walichojiwekea tangu 1831: mwandishi akijulikana, mchapaji na muuza vitabu waachwe. Wanaoushika mji huu kwa silaha, hata kama leo hawaitambui Kinshasa, waifuate kanuni hiyohiyo. Hawana udhuru wowote wa kuvamia kibanda kwa sababu ya karatasi.

Na ninyi wenzangu mnaoandika, moto huu unawahusu pia. Anayepeleka trakti isiyo na jina, kisha akajificha huku mchapaji anahojiwa usiku, ni mnyonyaji kama wengine. Ukiliamini neno lako, liwekee jina lako. Ukishindwa, usimpe maskini wa Birere alibebe kwa niaba yako.

Mwenye hoja ajibiwe kwa hoja. Mwenye kosa ashitakiwe yeye, kwa jina lake, mchana, mbele ya hakimu. Kijana wa fotokopi aachwe amhudumie mteja anayefuata.