Saini Moja Haitoshi, Andikeni na Majina!

Wadau wa burudani, siku hizi kuna watu wanawafuata wanamuziki wakongwe na kuwaomba wasaini picha zao za zamani. Mimi naunga mkono. Ni bora mara mia kuliko selfi inayopotelea kwenye simu. Ila niseme ukweli, saini ya mwimbaji peke yake kwenye picha ya watu tisa ni kazi nusu.

Waangalie wapenzi wa muziki wa kantri kule Marekani. Ukiwaonyesha picha ya Carter Family, familia iliyorekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, Tennessee, mwaka 1927, hawasemi "yule jamaa na wenzake". Wanakutajia wote: A.P., mkewe Sara, na shemeji yao Maybelle, mpiga gita. Ndiyo maana saini ya yeyote kati yao inatafutwa.

Na sisi familia za muziki tunazo. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wa kutoka Tanga, ndio walioipa jina Simba Wanyika kule Nairobi. Hapa mkoani kwetu Morogoro nani hamjui Salum Abdallah wa Cuban Marimba? Nani hamjui Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979? Haya, sasa nitajie waliowapigia besi na tumba. Umekwama, si ndiyo?

Kama bendi kubwa ziko hivyo, huku bondeni je? Hapa Mngeta kuna bibi ana picha ukutani: vijana sita, bugaluu, viatu vya raizoni, magita mkononi. Ukimuuliza anasema, "Huyu ni marehemu babu yenu. Hawa wengine walikuwa wenzake wa bendi." Basi. Watu watano wamebaki "wenzake". Nao wana watoto na wajukuu, pengine wanapanda treni moja ya TAZARA na sisi kwenda Ifakara bila kujua sura ya babu yao iko kwenye ukuta wa jirani.

Usione ni mambo ya kumbukumbu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua hata mpigaji, siyo mtunzi peke yake. Wimbo wa zamani ukianza kuingiza hela, mtoto wa mpiga besi atasema nini kama hakuna hata karatasi inayomtaja baba yake? Picha yenye majina haimalizi kesi, lakini ni pa kuanzia.

Kuna watakaosema picha ikiandikwa inashuka thamani. Nani kakwambia uandike usoni? Geuza nyuma, tumia penseli laini, usikandamize. Andika nani ni nani kuanzia kushoto, nani alipiga nini, wapi, mwaka gani. Usiweke leminesheni, ukishaibandika ile plastiki haibanduki bila kuharibu picha. Halafu mwombe mzee aweke saini yake hapo hapo nyuma. Saini hiyo ina uzito, maana ni ya shahidi.

Na nyie wakusanyaji mnaotoka mjini, acheni tabia ya kuchukua picha halisi kwa bei ya soda. Ipige picha, isafishe nakala nzuri, ile ya asili mrudishie mwenyewe ukutani kwake. Kama unaitaka kweli, nunua kwa bei ya maana, watoto wake wakiwepo.

Wazee hawa wanaondoka, na unyevu wa bonde letu hauna huruma na karatasi. Kwa hiyo wewe mwenye picha ya bendi, kuanzia Ifakara mpaka Mlimba, igeuze leo uone nyuma. Kama ni peupe, mtafute mzee anayewajua kabla ya masika.

Mnasemaje wadau? Nyumbani kwenu nani yuko ukutani bila jina?