Kiharusi si Mwisho wa Safari

Yasikitisha kwamba hapa kwetu Mukuru kwa Reuben, aliyepatwa na kiharusi huachwa kitandani miezi na miezi, nasi tukidhani tunamhurumia. La hasha! Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia, kama mtoto ajifunzavyo kuandika. Daktari akisharuhusu, mgonjwa na ainuke, asimame, apige hatua kila siku, akiongozwa na mtaalamu wa tiba ya viungo.

Mama yangu alianza kwa hatua tatu, kashika ukuta wa mabati, mjukuu akimhesabia. Leo avuka mtaro kwa mkongojo. Kliniki ya mara moja kwa mwezi haitoshi. Serikali ya Kaunti ilete wataalamu mitaani. Nasi walimu tuwafunze wanafunzi kuwahesabia wazee wao hatua.