Studio iliyoshinda tuzo kisha ikafungwa

Tarehe 7 Mei 2024, wafanyakazi wa studio moja ya gemu mjini Tokyo, Tango Gameworks, waliambiwa kwamba studio yao inafungwa. Amri ilitoka Marekani, kwa Microsoft, ambaye ndiye mwenye mali. Haukuwa umepita hata mwezi tangu gemu yao ya Hi-Fi Rush ipewe tuzo ya BAFTA kule London kwa ubora wa uhuishaji wake. Disemba iliyotangulia ilikuwa imechukua tuzo ya usanifu wa sauti katika hafla ya The Game Awards.

Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa, tembo likazidi utamu, na bado akateremshwa mnazini. Ilikuwaje?

Huenda ukajiuliza, msomaji wangu, studio ya Tokyo yatuhusu nini sisi watu wa Pwani. Yatuhusu kwa sababu tumewaambia vijana wetu kwamba kazi za kompyuta hazina mipaka, kwamba ukiwa fundi hodari utakula popote ulipo. Tango walikuwa mafundi hodari. Tuwatazame.

Studio hii ilianzishwa Machi 2010 na Shinji Mikami. Wenye umri wangu waliowahi kuishika PlayStation ya kwanza wanaijua kazi yake hata kama jina lake hawalijui: ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Resident Evil ya mwaka 1996, ile gemu ya nyumba yenye maiti wanaotembea, alipokuwa akifanya kazi na kampuni ya Capcom. Mwaka 2005 akaongoza Resident Evil 4, ambayo mpaka leo watengenezaji wengine wanaigiza mtindo wake. Mtu kama huyo angeweza kukaa akala jina lake. Yeye alitaka kuwa na mahali pa kukuzia chipukizi wa kuja kuongoza gemu zao wenyewe.

Lakini gemu kubwa hula pesa miaka kadhaa kabla ya kurudisha hata senti. Kabla ya mwaka kwisha, Oktoba 2010, Tango ilinunuliwa na ZeniMax, kampuni ya Marekani inayomiliki Bethesda. Hapo ndipo ninapoanza kuhesabu. Studio ilipata pesa na utulivu, na gemu yake ya kwanza, The Evil Within, ikatoka mwaka 2014. Ila kuanzia siku ile jina la Tango, gemu zake na uamuzi wa kuendelea au kuacha vilikuwa mali ya mtu mwingine.

Mikami alitimiza ahadi yake. Gemu ya pili, The Evil Within 2 ya mwaka 2017, hakuiongoza yeye. Alimkabidhi John Johanas, Mmarekani aliyeingia studio hiyo akiwa bado mgeni katika kazi. Kisha Johanas akaja na wazo ambalo halikufanana hata kidogo na gemu za kutisha zilizoipa studio jina: gemu ya rangi nyingi kama katuni, ambayo kila kitu ndani yake kinakwenda kwa mdundo wa muziki. Mwendo wa shujaa, ngumi zake, mpaka taa na mitambo iliyo nyuma yake, vyote vinafuata pigo. Ukipiga ngoma ujuvyo, mikono yako inajua pa kuangukia. Ukikosa pigo, ngumi yako inakosa nguvu ya ziada. Wazo hilo lilianza na timu ndogo mno, likachukua miaka hadi kukamilika.

Kisa cha gemu yenyewe kinachekesha kwa uchungu. Kijana mmoja, Chai (ndiyo, jina lake ni Chai), anajitolea kufanyiwa majaribio na kampuni kubwa ya teknolojia, kosa linatokea, na kampuni inamtangaza kuwa ni bidhaa mbovu inayopaswa kuondolewa. Maadui anaopigana nao ni wakuu wa idara za kampuni hiyo: uzalishaji, utafiti, ulinzi, matangazo ya biashara na fedha. Walioiandika hawakujua kwamba na wao siku moja wataondolewa vivyo hivyo.

Wakati gemu hiyo ikitengenezwa, mwenye studio alibadilika tena. Microsoft ilitangaza mwaka 2020 kuinunua ZeniMax kwa dola bilioni 7.5, na biashara ikakamilika Machi 2021. Tango ilikwenda ndani ya furushi hilo pamoja na studio nyingine. Mambo yakawa ya ajabu kidogo: gemu yao ya Ghostwire: Tokyo ilipotoka Machi 2022, ilitoka kwenye kompyuta na PlayStation ya Sony tu, kwa mkataba wa zamani, na Microsoft wenye Xbox yao wakangoja mwaka mzima kuicheza gemu ya studio yao wenyewe.

Hi-Fi Rush ilitoka tarehe 25 Januari 2023, siku ile ile iliyotangazwa, bila matangazo ya awali. Watu waliipenda. Kufikia Agosti mwaka huo, idadi ya walioicheza ilitajwa kuwa milioni 3, na afisa wa masoko wa Xbox alikuwa ameshasema hadharani kwamba ilikuwa mafanikio makubwa.

Sasa itazame hiyo milioni 3 kwa makini, kwani kiini cha mambo kiko hapo. Gemu hiyo iliuzwa dola 30, lakini pia ilitiwa katika Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia kwa mwezi. Ni kama king'amuzi cha nyumbani: ukishalipa mwezi, unaangalia upendacho. Aliyeangalia tamthilia moja hakuilipia tamthilia ile, amelipia king'amuzi. Kwa hivyo mchezaji si mnunuzi. Gemu inaweza kupendwa na mamilioni, na bado mwenye vitabu vya hesabu akakosa mstari wa kuandika faida yake. Kipimo anakishika mwenye huduma peke yake, na fundi hana namna ya kumwambia, "Hebu tazama, nimekuletea hiki."

Wakati huo Microsoft ilikuwa imetoka kununua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024 ikaachisha kazi watu 1,900 katika idara yake ya gemu. Mei ikafuata Tango, pamoja na Arkane Austin na Alpha Dog Games. Sababu aliyoiandika Matt Booty, mkuu wa studio za Xbox, ni kuelekeza nguvu kwenye gemu kubwa kubwa. Siku ya pili yake, kwa mujibu wa gazeti la mtandaoni la The Verge, bwana huyo huyo aliwaambia wafanyakazi kwamba kampuni inahitaji gemu ndogo za kuipa heshima na tuzo. Sina la kuongeza hapo.

Mwezi huo huo, vyombo vya habari vya Nigeria viliripoti kwamba Microsoft inafunga kituo chake cha uhandisi wa programu kule Lagos, kilichofunguliwa mwaka 2019 pamoja na cha Nairobi. Cha Nairobi kiliponea. Mimi sisemi vijana wetu wasiombe kazi huko. Waombe, na wakipata tutafurahi nao. Nasema waende wakijua kwamba ofisi iliyo mbali na makao makuu hufungwa na watu ambao hawajawahi kuikanyaga.

Tango nayo ilipata wa kuiokoa. Agosti 2024 kampuni ya Krafton ya Korea Kusini, hao wenye PUBG inayochezwa kwenye simu katika kila baraza hapa Mombasa, ilitangaza kuichukua studio na haki za Hi-Fi Rush. The Evil Within na Ghostwire zilibaki kwa Microsoft. Maana yake, waliorudi kazini walirudi na gemu moja kati ya zile walizozitengeneza kwa zaidi ya miaka 10.

Wengi waliipigia Krafton makofi, na ilistahili. Lakini Julai 2025 kampuni hiyo hiyo iliwatoa wakuu wa Unknown Worlds, studio ya Marekani iliyoinunua, huku kukiwa na malipo ya ziada yanayoweza kufika dola milioni 250 kama gemu yao mpya ingetimiza malengo. Wakuu hao walikwenda mahakamani Delaware. Tofauti ni kwamba wao waliuza wakiwa na mkataba ulioandika kipimo cha mafanikio na malipo yake, kwa hivyo walikuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu. Wafanyakazi wa Tango siku ile ya Mei walikuwa na tuzo kabatini.